Pikipiki ya safari ndefu: anza na uzito

Wanaopanga safari yao ya kwanza ya mbali kutoka Nairobi huuliza kwanza pikipiki ina cc ngapi. Mimi huwauliza: ikilala kwenye mchanga adhuhuri, nawe uko peke yako, utaiinua? Jibu lako ndilo litakalokuchagulia pikipiki na kuamua utaifunga nini.

Siku hizi lami inafika hadi Moyale, mpakani na Ethiopia, karibu kilomita 780, na hata Boxer ya cc 150 itakufikisha. Kazi inaanza ukiiacha lami: kutoka Marsabit kwenda North Horr na Loiyangalani, au kutoka Maralal kupitia Baragoi. Huko kuna changarawe iliyolegea, mawe ya volkano, na upepo wa Ziwa Turkana unaoisukuma pikipiki ubavuni.

Honda CRF250L ina kilo 145 hivi na huinuka bila kukuumiza mgongo, ila tangi lake halifiki lita 8, kwa hiyo utabeba petroli ya ziada. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina karibu kilo 200 na tangi la lita 15. Ikienda kilomita 30 kwa lita, una zaidi ya kilomita 400, ingawa mchanga hupunguza hesabu hiyo. BMW R 1250 GS inakaribia kilo 250 kabla hujafunga hata begi moja. Kwenye lami ni raha tupu, lakini anayeanza asiipeleke Loiyangalani peke yake. Mimi ningemchagulia hiyo ya katikati.

Kabla ya kulipa, pita kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, uulizie kebo ya klachi, pedi za breki na filta ya oili za pikipiki unayoitaka. Kama vyote ni vya kuagiza, weka bei ya vipuri vyako vya akiba kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa marekebisho. Pesa ya kwanza iende kwenye tairi zenye meno ya kushika changarawe. Ya pili iende kwenye springi ya nyuma, ambayo wengi huisahau kabisa. Inua gurudumu la nyuma, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye fremu. Kisha ishushe, ukalie ukiwa na mzigo wako wote, na mwenzako apime tena. Ikizama zaidi ya theluthi ya mwendo wake, yaani umbali wote inaoweza kubonyea, ikaze. Ukiikaza hadi mwisho na bado inazama, ni laini mno kwako, na inafaa kubadilishwa kabla hujafikiria taa au masanduku. Pikipiki iliyokaa kitako huku mbele ikielea haigeuki vizuri, na kwa kasi huanza kutikisika usukani.

Kwa sababu hiyo hiyo, vitu vizito vikae chini na karibu nawe, wala visirundikwe mkiani. Napendelea mikoba ya turubai kuliko masanduku ya chuma. Ni myepesi, na pikipiki ikiangukia mguu wako, turubai litakusamehe pale ambapo chuma kingeuvunja. Keria ya kuishikilia utatengenezewa vizuri na fundi wa jua kali, lakini ifungwe kwa bolti, asichomelee fremu. Na akilazimika kuchomelea kitu kikiwa kwenye pikipiki, ngoa waya za betri kwanza, kwa maana umeme wa mashine yake unaweza kuunguza kompyuta ya injini.

Bamba la kukinga injini kwa chini ni la lazima kwenye mawe. Taa za ziada zipewe fyuzi yake karibu na betri. Ukiwa na nafasi ya tyubu moja tu, beba ya mbele, kwa sababu hata ukiitia kwenye tairi la nyuma itakusogeza hadi mji unaofuata.

Kabla ya kwenda kaskazini, funga mzigo wote uende Magadi na kurudi. Ukifika nyumbani, pitisha spana kwenye kila bolti ya keria, na zilizolegea uzitie gundi ya kuzuia nati kufunguka. Kisha mwaga mikoba sakafuni. Maji, dawa, spana na vifaa vya pancha virudi ndani. Nguo za ziada na vyombo ambavyo hukuvigusa vibaki Nairobi.