Watoto Tisa wa Labrador, na Nyumba Zinazowasubiri

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Mbwa wangu jike wa aina ya Labrador, mweusi, amezaa watoto tisa, saba weusi na wawili wa manjano, na leo wametimiza siku 16. Huu ni uzao wake wa kwanza, na kwangu pia ni mara ya kwanza. Macho yao yameshafunguka na wananyonya vizuri, isipokuwa mmoja wa kike, mdogo kuliko wenzake, ambaye husukumwa pembeni kila wakati wa kunyonya. Majirani na wafanyakazi wenzangu wameshawaomba wote, na baadhi wametanguliza fedha. Wanataka kuwachukua wakifikisha wiki tano, kwa maelezo kwamba mtoto anayehama mapema humzoea upesi bwana wake mpya. Mmoja wao anataka dume la kulinda yadi yake ya magari. Je, niwape? Na huyu mdogo nimfanyeje? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na huyu mdogo, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri siku kadhaa, lakini yeye hawezi.

Tafuta mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, uweke bakuli juu yake, na umpime kila mtoto asubuhi kabla ya kazi nyingine yoyote, kisha uandike uzito wake kwenye daftari. Kwa kuwa weusi saba hawatofautishiki, wafunge shingoni nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, zikiwa zimelegea kiasi cha kupitisha kidole, na uzikague kila siku, maana shingo hizo hunenepa haraka. Mtoto wa Labrador huzaliwa akiwa na gramu 400 hadi 500 hivi, na kufikia siku ya kumi uzito huo unapaswa kuwa umeongezeka maradufu. Udogo peke yake haunitishi. Mtoto anayeongezeka gramu chache kila siku ni mdogo tu, na huenda akawafikia wenzake. Lakini asiyeongezeka kwa siku mbili mfululizo ni mgonjwa hadi daktari wa mifugo atakaposema vinginevyo, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Wakati wa kunyonya, watoe wanne walio wakubwa kwa nusu saa, umweke huyo wa kike kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi ndizo zenye maziwa mengi, ukae naye hadi ashibe. Ukimgusa ukamkuta wa baridi, mpashe joto kwanza mwilini mwako, ndani ya fulana, kabla ya kumpa chochote, kwa sababu tumbo la mtoto aliyepoa halisagi chakula. Ikilazimu kumwongezea, tumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, na umlishe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, kamwe si chali, asije akapaliwa. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta na protini kidogo kuliko ya mbwa, na sukari yake huwaharisha.

Mama naye asisahaulike. Maziwa hufikia kilele kati ya wiki ya tatu na ya nne, na mama mwenye watoto tisa anaweza kuhitaji chakula mara tatu ya kile alichozoea, kigawanywe katika milo minne kwa siku, na maji yasikosekane mchana na usiku. Ukimwona anatetemeka, anahema bila kukimbia, anayumba au amekakamaa miguu, kalsiamu imepungua kwenye damu yake. Usisubiri kukuche, kwa sababu anaweza kufa ndani ya saa chache, ilhali daktari akiwahi kumchoma sindano huinuka. Zipapase chuchu zake kila siku pia: iliyo ngumu, ya moto na nyekundu ina uvimbe unaohitaji tiba.

Dawa ya minyoo ilipaswa kutolewa walipofikisha wiki mbili, kwa hiyo usichelewe zaidi. Watu hushangaa kuambiwa kwamba mtoto asiyewahi kukanyaga udongo ana minyoo, lakini minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, na tena kupitia maziwa. Rudia kila baada ya wiki mbili hadi watimize wiki nane, kwa kipimo cha uzito wa siku hiyo, na mama apewe pamoja nao. Minyoo hiyo huwadhuru binadamu pia, hasa watoto, kwa hiyo wanao wanawe mikono kila watokapo kucheza nao.

Neno moja kuhusu usiku. Miaka mingi iliyopita niliweka sanduku la uzao wangu wa pili kwenye kibaraza kilichopakana na ua wa michongoma, mvua ikanyesha, na siafu wakapita. Nilipoamshwa na kilio cha mama yao, watatu walikuwa wameshakufa. Tangu hapo watoto wangu hulala ndani, kwenye sanduku lililoinuliwa juu ya matofali, na mimi hupita na tochi kabla ya kulala. Nakuomba ufanye hivyo. Matandiko yao pia, ukiyafua, yapige pasi ya moto pande zote mbili, kwa kuwa kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi laini ya mtoto. Kuhusu baridi ya Arusha, waache wenyewe wakueleze: wakilala wamerundikana wanahitaji chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo kwenye kona moja ya sanduku, wakilala wametawanyika, wamestarehe.

Sasa nije kwenye wiki tano. Usiwape, hata kama fedha zimeshapokelewa. Mrudishie fedha zake yeyote asiyekubali kusubiri wiki nane.

Wanaosema kwamba mtoto anayehama mapema humzoea bwana wake wameona sehemu moja tu ya jambo. Ni kweli kwamba kuna kipindi ambacho mbwa huamua, kwa maisha yake yote, ni nani na ni vitu gani asiviogope. Watafiti waliowalea mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walionyesha kwamba kipindi hicho huanza karibu na wiki ya tatu na kuendelea hadi wiki ya 12 hivi. Lakini nusu ya kwanza ya kipindi hicho mwalimu wake ni mama na ndugu zake. Kaa nao wakiwa na wiki sita, uwatazame kwa dakika kumi. Mmoja atamng'ata mwenzake sikio, meno yao yakiwa makali kama sindano. Aliyeng'atwa atalia kwa sauti kali, atageuka na kuondoka, na mchezo utakwisha. Yule mng'ataji atabaki amesimama peke yake, kichwa kimeinama upande, kisha atamfuata na kumwanza tena kwa ulaini. Somo hilo hurudiwa mara nyingi kwa siku, na hakuna binadamu anayeweza kulifundisha vizuri kama wao. Mbwa wengi ambao huletwa kwangu kwa sababu ya kung'ata mikono ya watoto walitolewa kwa mama zao wakiwa na wiki tano. Ipo pia sababu ya afya: kinga waliyopata kwenye dang'a huanza kupungua wakati huo, na chanjo ya kwanza ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane, kwa hiyo wiki tano ni kumtoa mtoto nyumbani akiwa mtupu. Huko Uingereza sheria humkataza mfugaji mwenye leseni kumuuza mtoto aliye chini ya wiki nane, na mimi naona ni sheria ya haki.

Katika wiki hizo wewe una kazi yako. Kuanzia wiki ya nne waanzishie uji mzito wa chakula kikavu cha watoto wa mbwa kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu, kwenye sinia pana ili huyo mdogo apate nafasi, na uwalikize polepole. Watoe juani, wakanyage nyasi, mchanga na sakafu. Wasikie mvua ikipiga mabati, bodaboda, sufuria zikianguka na redio. Wabebwe na mwanamume, mwanamke, mzee mwenye mkongojo, mtoto wa shule. Wageni wavue viatu mlangoni, kwa kuwa kirusi cha parvo husafiri kwenye soli na huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Mimi hupangusa sakafu kwa maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja kwa 30 za maji.

Na huyu wa yadi ya magari? Mwambie ukweli kwa upole, lakini umnyime. Desturi yetu ni kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku, ili asizoeane na watu. Wapo mbwa wanaoyamudu maisha hayo, ingawa hata hao nawaonea huruma. Labrador hakuzaliwa kwa kazi hiyo. Asili yake ni mbwa waliofanya kazi na wavuvi wa Newfoundland, wakivuta nyavu na kuokota samaki majini, kisha Waingereza wakawaendeleza kwa ajili ya kumletea mwindaji bata aliyepigwa risasi bila kumtoboa kwa meno. Ndiyo maana mtoto wako atamwokotea mgeni wako kandambili na kumletea huku mkia ukizunguka. Mwizi naye huenda akaletewa kandambili. Mbwa wa namna hiyo akifungiwa peke yake hulia, hutafuna mbao za banda na kujilamba miguu hadi itoke vidonda. Na mwenye yadi ataona ametapeliwa.

Kwa hiyo nenda ukazione nyumba zao. Uliza mbwa atalala wapi, nani atamlisha mkienda kijijini wakati wa Krismasi, kama ua una mapengo, na kama kila mtu wa nyumbani amekubali. Mara nyingi baba hununua, na mama au bibi, kwa sababu za dini au za woga, hamtaki, na mbwa ndiye anayelipa. Umchagulie kila mmoja mtoto anayemfaa kwa tabia, asichague kwa rangi. Usitoe ndugu wawili kwa nyumba moja, kwa kuwa hushikamana wao kwa wao. Siku ya kuondoka kila mmoja achukue kadi ya chanjo, tarehe za dawa ya minyoo, chakula cha wiki mbili, na kitambaa kilicholaliwa na mama yake. Na muandikiane kwamba, akishindikana wakati wowote, atarudi kwako.

SWALI: Nimeletewa mtoto wa Labrador wa wiki nane. Usiku wa kwanza na wa pili amelia hadi alfajiri, na leo anaharisha kidogo. Mke wangu anasema tumfungie stoo azoee. Pia kila tukila anatutazama kama hajala siku tatu. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Usimfungie stoo, ndugu yangu. Juzi alikuwa analala juu ya migongo ya ndugu zake. Leo yuko peke yake gizani. Weka boksi lake kando ya kitanda chenu kwa wiki ya kwanza au mbili, lenye kitambaa alichokuja nacho, na akilia teremsha mkono umguse bila kuzungumza. Mtoe nje kila aamkapo, kila amalizapo kula au kucheza, na mara moja au mbili usiku, kwa kuwa katika umri huo hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Kisha boksi lisogezwe kidogo kidogo hadi pale mnapotaka alale.

Kuharisha kidogo bila kutapika, huku akicheza na kula, mara nyingi hutokana na mabadiliko ya chakula: mrudishie kile alichokizoea, na ukibadilishe kwa kuchanganya taratibu kwa siku kumi. Lakini akitapika, akiharisha damu, au akilala tu bila kutaka maji, hiyo huenda ni parvo, na daktari amwone leo. Chanjo zake zirudiwe kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa apewe akitimiza miezi mitatu. Hadi zitakapokamilika asikanyage barabarani wanakopita mbwa wengine, ila mbebe mikononi akaone soko na stendi.

Kuhusu macho yake wakati wa chakula, usiyaamini. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana upungufu katika jeni iitwayo POMC, inayohusika na hisia ya kushiba, na mbwa huyo huwa na njaa hata akiwa amekula. Papasa mbavu zake: unapaswa kuzihisi chini ya vidole bila kubonyeza. Unene wa utotoni huumiza nyonga zake maisha yote. Usimwongezee vidonge vya kalsiamu kama chakula chake ni cha watoto wa mbwa, maana ikizidi huharibu mifupa ya mbwa wakubwa wanaokua, na makombo ya mchuzi wenye vitunguu yasimfikie kabisa.

SWALI: Golden Retriever wangu ana miezi minane na ameingia kwenye joto kwa mara ya kwanza. Nimpandishe? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: La, mama. Yeye mwenyewe bado anakua. Asubiri hadi atimize miaka miwili, apigwe picha ya eksirei ya nyonga na kupimwa macho, na dume naye vivyo hivyo, kwa sababu ubovu wa nyonga hurithiwa. Kama ana karatasi za ukoo, tafuta dume lililoandikishwa East Africa Kennel Club jijini Nairobi, ili ujue kama wana undugu. Joto huchukua wiki tatu hivi, na siku zake za hatari zaidi huja damu inapofifia, wakati watu wengi hudhani kwamba limekwisha. Katika siku hizo asitoke bila kamba, wala asiachwe uani peke yake, hata kama ukuta ni mrefu.