Kemia ndiyo iliyokuangusha, anza nayo

Mdogo wangu wa Likoni, umepata C ya jumla na D+ ya kemia katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, nawe wataka udaktari. Bado ndoto haijafa. Shahada yenyewe yataka C+ ya jumla, na C+ katika baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo rudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, na uwahi usajili.

Tafuta kituo cha mtihani chenye maabara, hilo usilegeze. Kemia ya kukariri haifiki mbali: shika bureti, ule mrija wa kupimia wenye koki, mwenyewe, fungua koki tone kwa tone mpaka rangi igeuke, andika kipimo, rudia. Na tafadhali, usimlipe yeyote anayekuahidi nafasi bila alama.