Fuli Hula Flashi, au Flashi Hula Fuli?

Poka, mchezo wa karata, nilifunzwa hapa hapa Malindi, kwenye ukumbi wa mzee mmoja Mtaliano niliyekuwa nikimtunzia bustani kule Casuarina. Kazi ikiisha alasiri tulikaa wanne: yeye, mimi, mpishi na askari wa langoni. Tulichezea komwe za bao, hela haikuwekwa mezani, na hivyo ndivyo ninavyocheza hadi leo. Kamari sitaki, na wewe unayeanza nakusihi uanze kwa komwe.

Siku ya Idd wakaja bin ami zangu kutoka Mombasa, tukatandika mkeka barazani. Nikapata karata tano, zote kopa. Nikaziweka chini kwa furaha, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye komwe. Bin ami akaniambia, "Zirudishe ndugu yangu." Yeye alikuwa na tisa tatu na malkia wawili, yaani fuli: tatu za kufanana pamoja na jozi. Kwa mzee wangu, kopa tano ni flashi, nayo flashi hula fuli. Kwa bin ami, fuli ndiyo hula flashi. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi.

Kumbe wote wawili tulikuwa na haki. Wataliano wanne wakicheza poka yao ya jadi huondoa karata zote kuanzia mbili hadi sita, zikabaki 32. Hapo kila jamii (kopa, uru, shupaza au pau) ina karata nane tu, na kupata tano za jamii moja ni kazi kubwa: njia za kuzipata ni 224 tu, hata ukihesabu na zile zilizofuatana. Fuli zina njia 1,344. Sasa chukua karata zote 52. Kila jamii ina 13, flashi zinaongezeka hadi 5,108, na fuli ni 3,744. Fuli imekuwa adimu kuliko flashi, kwa hiyo iko juu.

Tangu siku ile sikukariri tena orodha. Kwa karata 52, mkono (yaani zile karata tano ulizoshika) ulio adimu humla ulio mwingi, basi. Ukikaa na watu wageni, uliza kwanza: tunacheza na karata ngapi?

Kwa karata 52, mikono ya karata tano iko 2,598,960. Zaidi ya nusu haina kitu, na hapo huangaliwa karata kubwa tu. Jozi moja ni 1,098,240. Ukijumlisha hizo mbili, zaidi ya mikono tisa katika kila kumi imekwisha, ndiyo maana jozi ya mfalme si ya kuidharau. Jozi mbili zinafuata, kisha tatu za kufanana, kisha mfuatano (kama tano, sita, saba, nane, tisa za jamii mchanganyiko), ambao uko 10,200. Juu yake flashi, halafu fuli, halafu nne za kufanana, ambazo ni 624 peke yake. Mwisho kabisa ni mfuatano wa jamii moja, 40 tu, na minne kati yake huanzia kumi na kuishia ree (karata ya A). Huo sijawahi kuushika.

Mahali ninapoona wageni wa mchezo wakiumia ni kwenye rangi. Kopa na uru zote nyekundu, lakini kopa tatu na uru mbili si flashi! Lazima zote tano ziwe kopa, au zote uru, au zote shupaza, au zote pau. Na sisi tuliolelewa na turufu tuna kosa letu: tunadhani kuna jamii iliyo kubwa kuliko nyingine. Kwa Mtaliano ipo, kopa ndiyo ya juu. Katika poka ya karata 52 inayochezwa kwingi, jamii zote ni sawa, shupaza haina ubwana wowote. (Majina haya tuliachiwa na Wareno, na karata yenyewe ni neno lao. Mimi hulikumbuka kila nikipita karibu na nguzo ya Vasco da Gama.)

Ree nayo ina mambo yake. Hukaa juu ya mfalme, au chini ya mbili, ila haikai katikati: malkia, mfalme, ree, mbili, tatu si mfuatano.

Namna ya kujizoeza ni rahisi. Changanya karata, gawa mikono minne ya tano tano juu ya mkeka, wazi, kisha ipange kuanzia ulio dhaifu. Rudia. Nilimfunza hivyo mdogo wangu kwa jioni tatu, na ya nne alikuwa akinisahihisha.

Mikono miwili ikilingana, kwa mfano jozi ya nane kwa jozi ya nane, tazama karata kubwa zaidi nje ya jozi, kisha inayofuata, kisha ya mwisho. Zikilingana zote, komwe zinagawanywa nusu kwa nusu, hata kama moja ya nane zako ni ya shupaza.