Maswali na majibu: ikisiri yako na mtu asiyeweza kukataa

Msimu wa ikisiri, yaani muhtasari wa kazi unaotumwa kuomba nafasi kwenye kongamano, umefika na sanduku langu la barua limejaa. Safari hii nimechagua zinazohusu makongamano ya saikiatria ya mahakama (tiba ya akili kwa watu wenye kesi), kwa kuwa huko uzembe wa mwandishi humwangukia mtu mwingine, na aghalabu mtu huyo yuko nyuma ya kufuli. Waliouliza nani atawalipia nauli wasubiri. Hata mimi nasubiri.

Shikamoo Daktari. Ikisiri iwe na maneno mangapi? (Mwanafunzi, Moshi)

Marahaba. Soma tangazo la kongamano. Hili ni swali la sita la aina hii mwezi huu, na nyote sita mna tangazo mkononi. Mimi sina.

Nilimpima kwa amri ya mahakama mama aliyemuua mwanawe mchanga. Ni kisa cha kufundishia kabisa. Nimemwita "Bi A." na nimebadilisha mwaka. Nitume? (Daktari, Kanda ya Ziwa)

Usitume. Jina ndilo jambo jepesi kuliko yote kulificha. Ikisiri uliyoniambatishia imebeba umri wake, kazi yake, idadi ya watoto wake, wilaya yake na namna mtoto alivyokufa. Hukumu za Mahakama Kuu hupandishwa kwenye tovuti ya TanzLII, na kwa Wakenya ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, mara nyingi na jina kamili la mshtakiwa. Mtu mwenye simu na dakika tano atampata Bi A. wako. Na kama kesi ilivuma, yupo mpiga picha aliyemnasa akishuka kwenye karandinga.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Umeandika, "mgonjwa ameridhia". Ameridhia kwa nani? Ulipoingia chumba kile ulikuwa umetumwa na mahakama. Ripoti yako ilikuwa na uzito katika kuamua kama hili ni kosa la mauaji, au ni lile kosa dogo zaidi ambalo kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya zimemwekea mama aliyemuua mtoto wa chini ya miezi 12 akiwa akili yake haijatengemaa kutokana na uzazi. Aliyekuona umeshika kalamu hiyo hawezi kukuambia hapana. Atasema "ndiyo daktari" kama anavyomwambia askari jela "ndiyo afande", na wewe utaandika kuwa ni ridhaa.

Ningekuwa wewe ningengoja shauri liishe, rufaa pamoja. Slaidi ikishapigwa picha na watu kumi ukumbini haina tena siri ya daktari na mgonjwa, na wakili wa upande wowote anaweza kuikuta. Halafu ningemwomba mtu asiyemtibu wala kumwandikia ripoti akamsomee ikisiri yenyewe, neno kwa neno, kwa lugha anayoielewa, kisha amwachie siku kadhaa za kufikiri. Hili sikulitunga mimi. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, ambalo ni la 1964 na lilirekebishwa mara ya mwisho 2024, linataka ridhaa iombwe na mtu wa pembeni pale mgonjwa anapomtegemea daktari anayemtafiti. Ningechukua pia barua ya kamati ya maadili, hata kwa kisa kimoja. Akikataa, kisa kimekufa, tafuta kingine.

Hata akikubali, ipime tena hiyo ikisiri. Damu umeipa aya tatu, tiba mstari mmoja. Nani aliona dalili kabla? Alipita kliniki ya wazazi mara ngapi bila kuulizwa usingizi wake ukoje? Hayo ndiyo ningepanda ndege kwenda kuyasikiliza.

Matokeo hayajakamilika. Naweza kuandika "matokeo yatajadiliwa kwenye kongamano"? (Msomaji, Nairobi)

Unaweza, na mhakiki naye anaweza kuiweka kando kabla chai yake haijapoa.

Tuliwapa wagonjwa 60 wa wodi ya wahalifu HCR-20 (kifaa cha kupima hatari ya mtu kufanya ukatili) tuliyoitafsiri wenyewe, wakaijaza. Ikisiri imekataliwa bila maelezo. Huu si ubaguzi dhidi ya Waafrika? (Timu ya watafiti, jina tunalo)

Ubaguzi upo, nimeuona kwa macho yangu. Huu si wenyewe. Aliyewakataa aliwaonea haya akanyamaza. HCR-20 haijazwi na mgonjwa! Ina vipengele 20: 10 vya historia ya mtu, 5 vya hali yake ya sasa, 5 vya namna hatari itakavyodhibitiwa huko mbele. Anayeijaza ni mtaalamu aliyefunzwa, akishasoma faili, akishamhoji mgonjwa na kuwauliza wanaomjua. Ilitungwa Kanada miaka ya 1990, na toleo la tatu, la 2013, halitaki hata ujumlishe alama upate namba ya kumhukumu mtu. Linataka mtaalamu aeleze kwa sababu zipi anaona hatari ni ndogo, ya kati au kubwa. Nyinyi mmegawa karatasi kama za mtihani, mmekusanya, mmepiga wastani. Hapo hata tafsiri ingekuwa safi namna gani isingewaokoa. Na sidhani ni safi, maana hamkusema kama kuna mtu aliyeirudisha kwenye Kiingereza bila kuuona mwanzo wake, wala kama wenye kifaa waliwapa ruhusa.

Halafu hiyo "wodi ya wahalifu". Nimehesabu, mmeiandika mara nne. Mnasema wenyewe kwamba wengi wa hao 60 ni mahabusu waliopelekwa kuchunguzwa. Mahabusu hajatiwa hatiani na mahakama yoyote. Mmemtia nyinyi, kwenye kichwa cha habari.

Kati ya wagonjwa 14, 11 waliacha dawa kabla ya kukamatwa. Niandike asilimia 78.57 au nifupishe 78.6? (Ofisa tabibu, Pwani ya Kenya)

Andika 11 kati ya 14. Kwa idadi hiyo asilimia halisi inaweza kuwa popote kati ya 52 na 92 hivi, na wewe unagombana na nukta ya pili. Na usiseme kuacha dawa "kumesababisha" uhalifu: hukuwauliza walioacha dawa wakakaa nyumbani kwao kwa amani, nao ni wengi.

Profesa wangu anataka jina lake litangulie. Hajasoma hata rasimu. (Sitaki kutajwa)

Najua. Mwandikie barua pepe ya adabu yenye rasimu, orodha ya nani alifanya nini, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Barua hiyo itunze vizuri.

Nimepewa dakika 10. Nilipanga kuanza na historia ya hospitali zetu za akili za Mirembe na Isanga tangu enzi za Mwingereza, ili wageni wapate picha. Slaidi 31 zinatosha? (Daktari, Dodoma)

Zinatosha kwa semina ya siku mbili. Kata zibaki 8. Historia ya majengo iache, lakini slaidi moja ya sheria usiiache kwa gharama yoyote, kwa kuwa wageni watachanganya mambo na wewe utatumia muda wa maswali kuyachambua.

Mfano mzuri ni huu. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia bastola Malkia Victoria wa Uingereza karibu na stesheni ya Windsor, akamkosa. Baraza la wazee wa mahakama likasema hana hatia kwa sababu ya wazimu. Malkia hakuelewa mtu aliyemfyatulia risasi anakosaje hatia. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, hukumu ikawa "ana hatia lakini ni mwendawazimu". Waingereza wenyewe waliyaacha maneno hayo mwaka 1964. Kenya bado inayo, kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, na nyuma yake ule utaratibu wa mtu kukaa akisubiri amri ya Rais, ambao majaji wa Mahakama Kuu wameukosoa kuwa haupatani na Katiba ya 2010. Kwetu Tanzania mahakama husema alitenda tendo hilo, ila kwa sababu ya ugonjwa wa akili hana hatia. Ng'ambo hii ya mpaka wa Namanga hana hatia, ng'ambo ile anayo, na ugonjwa ni uleule. Sasa wewe unakwenda kusema "wagonjwa wetu wa kimahakama" mbele ya watu wa nchi 30. Wagonjwa wa aina gani? Waliotolewa mahakamani kwa uchunguzi, walioshindwa kufuata kesi kwa sababu ya ugonjwa, au waliokwisha kuamuliwa? Sekunde 60 za slaidi hiyo zitakuokoa.

Na usisome slaidi. Wanaojua kusoma wamo humo ukumbini.

Niliomba kuwasilisha kwa mdomo, nimepewa bango. Nijitoe? (Muuguzi, Kampala)

La hasha. Mzungumzaji hupata maswali mawili kisha mwenyekiti anagonga meza. Kwenye bango watu wanakufuata wenyewe, mnaongea nusu saa, mnabadilishana namba. Ushirikiano wangu wote wa maana ulianzia kwenye korido.

Nimealikwa kuwa mzungumzaji mkuu wa kongamano la kimataifa la saikiatria, meno na kilimo. Nilipie dola 700 kwanza. (Msomaji, Morogoro)

Kongamano hewa. Saikiatria, meno na kilimo, ndugu yangu!

Naweza kuonyesha video ya mahojiano nikiufunika uso? (Mwanasaikolojia, Zanzibar)

Sauti yake je? Mkono wenye kovu je? Hapana. Na hiyo video iliyoko kwenye simu yako, leo hii iulizie kwenye kamati ya maadili, maana simu hupotea.

Ikisiri yangu imekubaliwa, kongamano liko Ulaya. Nianze lini mambo ya viza? (Daktari, Arusha)

Hongera. Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isizidi kuchelewa hadi zibaki siku 15. Wewe usiikaribie hiyo 15. Omba barua ya mwaliko yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile la Facebook. Bango lichapishe kwenye kitambaa, ulikunje ndani ya begi la mkononi. La karatasi niliwahi kulisahau kwenye teksi.