Kwa nini mchoro wa muhuri huchuja unapopakwa rangi ya maji
Umeuliza kwa nini mistari ya jani la mwaloni uliyoigonga kwa muhuri kwenye kadi yako ya majira ya mapukutiko inachuja ukiipaka rangi ya maji: ni kwa sababu wino ulioutumia huyeyuka kwa maji hata ukishakauka, hivyo kuusubiri usiku kucha hakutasaidia. Tumia wino wa mihuri usioyeyuka kwa maji, ugonge kwenye karatasi nene isiyong'aa, na uuache ukauke kabisa kabla ya kupaka rangi ya chungwa au kahawia. Nilijaribu aina zote mbili kwenye kadi moja, na upande wa wino wa kawaida ukabaki doa la kijivu lililomeza hata vishipa vya jani. Ila wino usioyeyuka kwa maji hugandamana na mpira wa muhuri, kwa hiyo muhuri usafishwe papo hapo.