Arki zisikufie kabatini: namna ya kutunza fleva kwenye joto letu la kusini

Wadau wa keki, aiskrimu na juisi mliopo Mtwara, Lindi, Masasi mpaka Newala huko juu, swali ninaloulizwa sana ni hili la arki, yaani fleva za chupa za kunukishia, kugeuka harufu hata chupa haijafika nusu. Mtu kanunua lita nzima Kariakoo kwa vile bei ya jumla imemvutia, ikapanda basi, ikafika ikawekwa juu ya kabati la jikoni pembeni ya jiko la mkaa, sasa msimu wa korosho ukiingia pesa ipo mtaani oda za harusi zinamiminika, anafungua chupa anakutana na harufu ya vanishi. Lawama zote kwa aliyemuuzia.

Mi msimamo wangu ni mmoja na najua kuna watakaonibishia: huku kwetu usinunue chupa kubwa labda uwe na uhakika inaisha ndani ya msimu. Arki inauliwa na joto, mwanga na hewa. Joto hatuna pa kulikimbilia, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi nyumba ya bati isiyo na dari mchana ni oveni tupu, kwa hiyo mwenzangu weka arki zako chini, kabati la chini kabisa, chumba kisichopigwa jua la jioni, na sio jikoni. Chumbani chini ya kitanda ni pazuri kuliko jikoni, nasema kweli.

Hewa ndo watu wanaisahau. Una chupa ya mili 500, umetumia imebaki mili 80 chini, ile nafasi yote ya juu imejaa hewa na inaila ile arki usiku na mchana hata kama umekaza kifuniko mpaka mkono umeuma. Dawa yake ni kuhamisha. Ukifungua chupa kubwa tu siku hiyohiyo igawe kwenye vichupa vya mili 30 au 50, vijaze mpaka karibu na shingo, kimoja cha kutumia vingine usiviguse. Chupa nzuri ni za kioo za kahawia, zile za dawa za maji, ila zioshe kwa maji ya moto na zikauke kabisaa, na kifuniko tafuta kipya maana cha zamani harufu ya dawa haitoki hata ufanyeje.

Chupa za plastiki laini zile za kuminya achana nazo, harufu inapenya taratibu, ndo maana kabati zima linanukia stroberi na wewe unafurahi kumbe ndo fleva yako inaondoka hiyo. Na fleva za ndimu, chungwa na mdalasini zinakula plastiki. Ukitaka kuamini chukua kipande cha lile boksi jeupe la kufungia chipsi, dondoshea tone la mafuta halisi ya ganda la chungwa, subiri kidogo, utaona panalegea pananata af panazama kashimo. Sasa fikiria ile raba ya dropa inayokaa juu ya chupa hiyo miezi yote. Chupa ya kutunzia ifunge kwa kifuniko cha kawaida, kunyonya tumia bomba la sindano la famasi lisilo na sindano, kila fleva na bomba lake, la minti ndo kabisaa usilichanganye na kitu. Na kijiko chenye ute wa yai au unga usichovye humo jamani.

Friji sasa, hapa ndo ubishi. Sio kila arki ni ya friji. Vanila ile ya kulowekwa kwenye pombe haitaki friji, iweke gizani tu inakaa miaka, ukiipoza inaweza kuwa kama maji yaliyochafuka na kuweka mashapo. Za ndimu, chungwa na matunda laini ndo zinafaidi friji kwa sababu ndo zinazowahi kugeuka. Ila hewa yetu hapa pwani ina unyevu sana, ukiitoa chupa ya baridi ukaifungua hapohapo unyevu unaganda ndani ya shingo unachuruzikia kwenye arki, kwa hiyo itoe mapema, iache imefungwa mpaka ipoteze baridi, ifute, ndo ufungue. Pia zifungie zote kwenye kopo lenye mfuniko mzuri, hasa friji hiyohiyo ikiwa ina pweza. Na kama umeme kwako unakatika kila mara, bora kabati lenye joto lisilobadilika kuliko friji ya kupoa na kuchemka.

Friza je? Fleva zenye propilini glaikoli, kile kimiminika kizito kidogo kinachotumika kuyeyushia fleva badala ya maji au pombe, hazigandi kwenye friza ya nyumbani, unaweza kuweka akiba yako huko. Zile zenye maji, na zile nzito za rangi ya maziwa, usizigandishe, zinaachana na ukiziyeyusha hazirudi vilevile.

Kuna mambo yanawatisha watu bure. Vanila ya dukani kugeuka kahawia zaidi sio kuharibika, vanilini, kile kiini cha harufu ya vanila, ndo tabia yake. Ukiona chengachenga chini baada ya kukaa kwenye baridi weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, tikisa, zinayeyuka. Harufu ndo mwamuzi: dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, subiri dakika chache, nusa. Ndimu ikikupa harufu ya tapentaini, mwaga.

Vijana mnaouliza kama arki hizi zinafaa kwenye vepu, zile sigara za umeme za kuvuta mvuke, yenye mafuta isiingie mapafuni kabisa, kuliwa na kuvutwa ni vitu viwili. Na majimaji ya vepu yenye nikotini usiyaweke friji moja na juisi za watoto, ni sumu hiyo, fungia kwa ufunguo.

Tarehe ya kufungua andika kwa maka af pitisha selotepu juu maana arki inafuta wino. Na anayekutumia mzigo kutoka Dar mwambie asiutupe kwenye buti la basi, akae nao abiria au konda mbele, ukifika kachukue siku hiyohiyo.