Tafiti mbili, majibu mawili: tumwamini nani?

SWALI: Nimesoma kuwa utafiti mmoja umekuta madini ya risasi mengi kwenye damu ya watoto, na mwingine umekuta kidogo tu. Sisi wazazi tushike lipi?

JIBU: Dada yangu, kwanza uliza damu ilitolewaje. Mimi ni mkemia wa maabara, na hapo ndipo ninapoanzia. Kidole kikitobolewa bila kuoshwa vizuri kwa sabuni, vumbi lenye risasi lililo kwenye ngozi huingia kwenye lile tone, na kipimo kinapanda. Damu ya mshipani haina sana shida hiyo. Mkojo nao una mambo yake: aliyekunywa maji mengi huonekana ana kemikali kidogo, kwa hiyo tunapima pia kreatinini, taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwenye mkojo kwa kiasi kisichobadilika sana, ili kusawazisha.

Sasa kila kundi la watafiti likijifanyia lijuavyo, namba zao hazilinganishiki hata kidogo. Inaniuma, maana watoto walishachomwa sindano. Ndiyo maana nauunga mkono kwa moyo wote mpango wa HBM4EU, wa kupima kemikali kwenye miili ya watu, ulioendeshwa Ulaya kuanzia 2017 hadi 2022: maabara zilipelekewa sampuli zilezile zipime, na zilizofanya vibaya hazikukabidhiwa kazi ya kupima sampuli za utafiti. Baada yake ukaja PARC, mpango wa Ulaya wa kutathmini hatari za kemikali, mwaka 2022, ukiratibiwa na ANSES, shirika la Ufaransa la usalama wa chakula, mazingira na kazi.

Lakini kwa wanao usisubiri tafiti zikubaliane. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ukiwa na wasiwasi, omba kipimo cha damu ya mshipani.